Charleston: Mlango wa Mbele na Ua wa Nyuma

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila mgeni afikapo Charleston, katika jimbo la South Carolina, pwani ya kusini-mashariki ya Marekani. Mji huo uliasisiwa na Waingereza mwaka 1670, na mwaka 1680 ukahamishiwa mahali ulipo leo, kwenye rasi iliyo baina ya mito ya Ashley na Cooper.

Kwanza mgeni hupendezwa na majumba. Mengi ni membamba, ubavu mfupi ukielekea barabarani, na baraza ndefu za ghorofa zikikaa upande mmoja ili kuzuia jua na kupokea upepo wa bahari. Katika kuta nyingine huonekana vichwa vya vyuma. Hivyo ni ncha za nondo zilizopitishwa ndani ili kuzikaza kuta, na nyingi ziliwekwa baada ya tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 31 Agosti, 1886.

Baadhi ya majumba hayo sasa ni makumbusho. Nyumba ya Heyward-Washington ilijengwa mwaka 1772, na Rais George Washington alikaa humo alipouzuru mji huo mwezi Mei, 1791. Nyumba ya mfanyabiashara Nathaniel Russell, iliyokamilika mwaka 1808, ina ngazi izungukayo hadi ghorofa ya juu pasipo nguzo ya kuitegemeza. Wageni husimama chini yake wakistaajabu. Lakini mama wa nyumba aliyezoea kazi atauliza swali jingine: ni nani aliyepandisha maji na kuni katika ngazi hiyo kila siku?

Jibu lapatikana katika nyumba ya Aiken-Rhett, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa makao ya William Aiken, gavana wa jimbo hilo kuanzia mwaka 1844 hadi 1846. Walezi wa nyumba hiyo hawakuipamba upya. Wameihifadhi jinsi walivyoikuta, rangi ikibanduka na karatasi za ukutani zikichakaa. Nyuma yake umo ua uliozungukwa na ukuta. Humo ndimo lilimo jiko, mahali pa kufulia nguo na banda la farasi, na juu yake vyumba vidogo vya watumwa waliopika, waliofua na kulea watoto wa bwana. Aliyeona ukumbi wa mbele bila kuuona ua huo, hakuiona nyumba.

Kwa hakika utajiri wa mji huo ulitoka katika jasho la watu hao, hasa katika mashamba ya mpunga. Bandari ya Charleston ilipokea Waafrika waliotekwa wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1856 mji ulipiga marufuku kuuza watu hadharani barabarani; biashara haikukoma, bali iliingizwa ndani. Jengo moja la mnada, katika mtaa wa Chalmers, lingali limesimama, nalo limekuwa makumbusho.

Kwa msomaji askari, safari haitimii pasipo kuivuka bandari hadi ngome ya Sumter. Hapo ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanzia, tarehe 12 Aprili, 1861, majeshi ya majimbo yaliyojitenga yalipoipiga ngome kwa mizinga muda wa saa 34, hata kikosi cha serikali kikasalimu amri.

Mbele ya ngome hiyo hiyo alipita Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli iitwayo Planter. Alfajiri ya tarehe 13 Mei, 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala nchi kavu, aliing'oa nanga meli hiyo, akawachukua mabaharia wenzake na jamaa zao, akavaa kofia ya nahodha na kutoa ishara zipasazo. Walinzi wa ngome wakampisha. Akaikabidhi meli kwa jeshi la serikali, nao wote wakawa huru. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Tena, katika mji wa Beaufort, aliinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, ambayo nyuma yake alizaliwa utumwani.

Mwaka 2018 Halmashauri ya Mji wa Charleston iliomba radhi kwa sehemu ya mji huo katika utumwa, na mwaka 2023 makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi yalifunguliwa mahali palipokuwa gati la Gadsden, waliposhushwa maelfu ya mateka. Basi, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika huko, au katika jumba lolote la kale, usitosheke na mlango wa mbele. Omba uonyeshwe na jiko.