Java, magunia na pesa za ovataimu

Wadau wa nyumbani, niko hapa Uingereza. Baridi ipo, tunabanana nayo. Mnaniuliza kila siku nalipwa kwa kufanya nini hasa kwenye kompyuta. Leo najibu, na shangazi usikimbie, hesabu hamna.

Naandika Java. Kabla ya 2004, orodha ya Java ilikuwa kama gunia lisiloandikwa kitu: unatia chochote, ukitoa unaapa mwenyewe kwamba huu ni mchele. Yakitoka mawe, programu inaanguka mteja akitazama. Java 5 ya mwaka huo ikaturuhusu kuandika aina ya kitu kwenye mabano ya pembe, mfano List<String>. Kompaila ikaanza kukataa mawe mapema.

Ila mlango mmoja uliachwa wazi, nao ndio uliotutoa jasho Desemba. Kwenye Map, amri ya put inadai ufunguo wa aina uliyoandika. Amri ya get inapokea Object, yaani chochote kile. Ni kama askari wa getini: anakagua wanaoingia, lakini kuuliza "fulani yumo?" anauliza yeyote. Waliobuni walikuwa na sababu, maana vitu vya aina mbili vyaweza kuhesabika sawa, kama ArrayList na LinkedList zenye vitu vilevile kwa mpangilio uleule. Mimi bado naona wangetubana.

Kazini kwetu, saa za ovataimu za wabeba maboksi zilitunzwa kwa namba za Long. Ukurasa mpya ukawa unauliza kwa Integer. 4071 ni 4071 kwa macho yetu. Kwa Java hao ni watu wawili. get ikarudisha null, na aliyeandika ukurasa alishaamua null ni sifuri. Hakuna kengele iliyolia. Ghala zima likakosa ovataimu, Krismasi hiyo hapo!

Nami nilibeba maboksi miaka miwili, najua ile ni karo ya watoto wa watu. Tulikesha. Tukaandika amri yetu, saaZa(Long namba), ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuuliza. Ukiipa Integer, kompaila inagoma hapohapo. Na mtu asipopatikana, programu inapiga kelele, haiandiki sifuri.

Ijumaa pesa ziliingia. Shangazi, hela ya mabati nimetuma jana, angalia simu.