Mbabula mu chumba cha kulala

Ukitoka Lubumbashi asubuhi mapema kwa barabara ya Kasenga, mu mwezi wa 6 ao wa 7, vaa triko. Mji uko mita 1200 hivi juu ya bahari, na usiku bila mawingu baridi inashuka sana. Utakutana na wanaume wanaosukuma kinga zenye mifuko ya makala, na jasho linawatoka katika baridi ile! Miti ya karibu na mji ilikwisha kukatwa. Sasa wanaitafuta mbali, wanaipanga, wanaifunika na udongo, inaungua polepole siku nyingi.

Makala yale ndiyo tunatia mu mbabula jioni. Bukari ikiisha kuiva, mbabula inaingizwa mu chumba cha watoto, mlango unafungwa, dirisha linazibwa na nguo. Makala yakiwa mekundu hayatoi moshi, basi tunasema hayana hatari. Lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii. Wengine hawaamuki tena.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Watoto waote moto inje, kisha walale pamoja chini ya blanketi, na mbabula ibaki inje hata kama makala yangali mekundu (najua bei ya mfuko, wandugu). Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu, anatapika, usiseme mara moja ni malaria: fungua milango, mutoe kwenye hewa safi, umupeleke hospitali. Na uangalie wote waliolala naye.