Sehemu ya 6: Zile hela za bibi kwenye fundo la kanga

Mmezoea hapa tunaongea chanjo, uji na homa. Leo tuongee hela za zamani, zile bibi zetu wamezifunga kwenye fundo la kanga au kuzitia kwenye kopo juu ya kabati. Nesi naye ana lake la kusema, soma mpaka chini.

Huku kwetu Goweko alipita kijana na pikipiki ananunua "fedha za Mjerumani". Bibi yangu anazo tano, akaambiwa zote elfu tano. Mjukuu alikuwa anadaiwa sare ya shule, kwa hiyo hiyo elfu tano ilimvutia kweli. Ila bibi ni mjanja, akamwambia, "Subiri kwanza nimuulize mjukuu wangu nesi." Basi nikaketi naye, tukazitazama moja moja. Wewe nawe kaa na bibi yako ufanye hivi.

Kwanza ile kubwa, yenye mwanamke mnene na mwaka 1780. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Usidanganyike na mwaka: yeye alifariki 1780, na reale zikaendelea kugongwa kwa mwaka uleule mpaka leo. Kwa hiyo 1780 peke yake haithibitishi kwamba ni ya kale. Kinachothibitika ni mizani: reale halali ina gramu 28 na kidogo, na ndani yake fedha tupu kama gramu 23. Pwani walilipana kwa reale hizi. Huku bara, kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, misafara ililipa zaidi kwa nguo, shanga na waya wa shaba, ndiyo maana reale moja kwa bibi wa Goweko ni kitu.

Pili, rupia mbili za 1911, zenye kichwa cha Kaiser Wilhelm. Moja ina gramu 11.66, na fedha tupu ndani yake ni zaidi ya gramu 10. Hizi ziliingia vijijini kwa kodi ya nyumba iliyoanza 1898, na kwa mishahara ya reli, iliyofika Tabora 1912. Na hili neno "hela" tunalosema kila siku limetokana na heller, senti za rupia hiyo. Rupia moja ilikuwa heller 100.

Tatu, shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1942. Inang'aa, lakini fedha ndani yake ni robo tu, hata gramu 2 hazifiki. Kuanzia za 1948 hazina fedha kabisa.

Nne, ile aliyotaka kuitupa: heller 20 ya 1916, ya shaba, ina taji na herufi T. T ni Tabora! Wakati wa vita Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, sarafu zikaisha, wakagonga zao hapahapa. Waligonga hata za dhahabu zenye tembo, rupia 15. Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Hiyo ya shaba haina fedha hata chembe, ila ndiyo ya kwetu hasa.

Sasa sikia. Ya fedha ina bei ya chini isiyojadiliwa: uzito wa fedha tupu mara bei ya gramu siku hiyo. Muulize sonara zaidi ya mmoja. Juu ya hapo mkusanyaji huongeza kwa uadimu na hali ya chapa. Hata wanaokusanya fedha za Waparthia, wafalme wa Uajemi wa miaka 2,000 iliyopita, huangalia hayohayo. Kwa hiyo usisugue kwa majivu, ndimu wala msasa, unafuta bei kwa mkono wako. Sumaku ikiinasa, si fedha. Na ukiikuta ardhini unalima, usiuze: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mwone afisa utamaduni wa wilaya.

Bibi aliuza rupia zote mbili kwa sonara mjini, kwa mizani mbele ya macho yake. Sare ikanunuliwa na madaftari juu. Reale kagoma, anasema ni ya mahari ya mama yake. Sikubishana naye.

Na sasa la kinesi. Sarafu yenye tundu usimvalishe mtoto shingoni. Kamba inanyonga, na sarafu inaishia mdomoni. Akimeza, akaanza kutoka udenda, kukataa chakula au kushika kifua, usimpe tonge la ugali liisukume, usimtapishe, usimpige mgongoni kama anapumua vizuri na kulia. Mlete hospitali apigwe picha. Na kama kilichomezwa ni betri bapa ya saa au rimoti, hiyo inafanana na sarafu lakini inaunguza koo ndani ya saa 2 tu. Usisubiri asubuhi.

Kopo lipandishwe juu, lifungwe. Kesho muulize bibi ana nini, kabla pikipiki haijafika kwenu.