Sakafu Tatu za Garaji Moja ya Mokambo

Fundi mmoja wa magari aliyezeekea Mokambo, mpakani na Mufulira ya Zambia, huihesabu miaka ya garaji yake kwa sakafu.

Ya kwanza ilikuwa ya udongo wa kichuguu. Miombo ya Katanga ya Juu imejaa vichuguu vinavyompita mtu kimo, na udongo wake wa mfinyanzi ndio unaofyatuliwa matofali ya kuchoma hadi Lubumbashi. Ukiloweshwa na kushindiliwa vizuri, hukauka ukawa mgumu. Kuanzia Mei hadi Oktoba sakafu ile ilifagilika kama ya sebuleni. Novemba mvua zikianza, kila lori lililotoka barabara ya Chembe liliingia na tope jekundu, oili ikachanganyika nalo, na jeki ikawa inazama upande mmoja. Fundi alitanguliza ubao chini ya jeki, ndipo naye alale chini ya gari.

Ya pili ilikuwa ya zege. Upande wa Kongo saruji ilitoka mbali, Lubudi. Ya Zambia ilitoka Ndola, ng'ambo tu ya mpaka, na mwaka 2015 kiwanda cha Dangote kikafunguliwa huko jirani, Masaiti. Zege likamwagwa juu ya ardhi, likapigwa niru, likapakwa rangi nyekundu ya mafuta. Lilipendeza sana kiangazi chote.

Masika yalipokolea, rangi ikavimba malengelenge. Palipokanyagwa na matairi yenye moto ikabanduka vipande vipande. Mzee akadhani paa linavuja, mpaka kijana fundi wa sakafu alipokuja kutazama.

"Papa, mayi iko natoka ku chini, hapana ku juu."

Akamwonyesha. Alitandaza kipande cha nailoni juu ya zege, akakibandika kingo zote, akakiacha usiku kucha. Asubuhi upande wa chini ulikuwa na matone, na zege limekuwa jeusi. Eneo hili hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Ardhi ikishashiba, zege huyanyonya maji kupitia vinyweleo vyake na kuyapandisha. Yakikutana na rangi iliyoziba njia, huisukuma mpaka iachie.

Sakafu ya tatu ni ya epoksi, ambayo Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani waliifanyia kazi miaka ya 1930 na 1940. Huja katika makopo mawili, utomvu na kigumishi. Haikauki kwa hewa kama rangi ya kawaida: vikichanganywa, vitu hivyo viwili hushikana kikemia. Ndiyo maana majira huiamua kazi. Alfajiri ya Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na epoksi nyingi hapo huzubaa bila kuwa ngumu. Mchana wa Oktoba hupita nyuzi 30, nayo hugandia ndooni kabla haijatandazwa. Kijana yule alichagua Septemba, zege likiwa limekwisha kukauka kwa miezi kadhaa na mvua bado ziko mbali.

Kazi kubwa ilifanyika kabla ya kopo kufunguliwa. Oili iliyokuwa imezama ilioshwa, ngozi dhaifu ya niru ikasagwa kwa mashine hadi zege likawa na ukwaru, nyufa zikazibwa, na jaribio la nailoni likarudiwa hadi likatoka kavu. Tabaka la kwanza lilikuwa jepesi, la kupenya; la pili likanyunyiziwa mchanga safi ili miguu isiteleze. Karibu na mlango, jua linapofika, ikaongezwa poliurithani juu, kwa sababu epoksi hugeuka manjano ikipigwa na jua.

Baadaye mzee alipoongeza chumba cha pili, alianza na kokoto, kisha nailoni nzito, ndipo zege. Akaliachia siku 28 za kukomaa, na upande wa nje akachimba mfereji wa kuyapeleka maji ya paa barabarani.