Gitaa na Msumari

Mwaka mmoja nilinunua gitaa kuukuu kwa fedha za mbegu. Mke wangu alinyamaza tu. Shingo ya gitaa ilikuwa imelegea. Kwa haraka nikapiga msumari. Mbao ikapasuka!

Seremala mmoja alinionyesha njia. Kwanza fungua nyuzi zote, maana nyuzi sita za chuma huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Chomoa shingo. Kwangua gundi yote ya zamani, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu yake. Paka gundi ya mbao. Kaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ngoja siku nzima.

Nilingoja. Shingo ikashika. Fedha za harusi ya kwanza nilinunulia mbegu. Lakini ufa wa msumari upo mpaka leo. Ndugu, usiwe na haraka kama mimi.