Ngome ya Azuchi: Aliye Juu Mngoje Chini

Wazee walisema, aliye juu mngoje chini. Maneno haya tumeyasikia tangu utotoni, na labda kwa kuyazoea tumesahau uzito wake. Lakini msafiri akijaliwa kufika Japani, akapanda kilima kiitwacho Azuchi, atayakumbuka kila hatua aipigayo, kwa kuwa pale juu palikaa mtu aliyeogopwa kuliko wote katika nchi ile, na leo pamebaki mawe na miti.

Kilima hiki ki katika jimbo la Shiga, upande wa mashariki wa Ziwa Biwa, ambalo ndilo ziwa kubwa kupita yote ya Japani. Mtu akipanda treni mjini Kyoto hufika stesheni ya Azuchi kwa muda upatao saa moja. Kutoka hapo hutembea kwa miguu kiasi cha nusu saa, mashamba ya mpunga yakiwa huku na huku, mpaka akione kilima mbele yake. Si kirefu; kimo chake ni meta 199 tu kutoka usawa wa bahari. Zamani maji ya ziwa yalikizunguka pande tatu, lakini katika karne ya 20 sehemu kubwa ya maji hayo ilikaushwa ili watu wapate mahali pa kulima.

Aliyejenga ngome hii ni Oda Nobunaga, aliyezaliwa mwaka 1534. Wakati ule Japani ilikuwa imegawanyika vipande vipande, kila bwana akiwa na askari wake na vita vyake, na mfalme wa Kyoto hana nguvu. Nobunaga alianza akiwa bwana mdogo wa nchi ya Owari. Mwaka 1560, kwa jeshi dogo, alimshinda na kumwua bwana mkubwa aitwaye Imagawa Yoshimoto, na tangu siku hiyo jina lake likavuma. Mwaka 1568 aliingia Kyoto. Mwaka 1571 aliyateketeza mahekalu ya mlima Hiei kwa sababu watawa wake waliwasaidia adui zake, wala hakuwahurumia waliokuwamo. Alikuwa mtu wa akili nyingi na moyo mgumu.

Mwaka 1576 aliamuru ngome ijengwe Azuchi, akamweka Niwa Nagahide kuwa msimamizi. Mahali palichaguliwa kwa busara, kwani aliyekaa pale aliweza kuilinda njia iendayo Kyoto, na kutuma askari kwa mashua ziwani upesi. Mawe yalitolewa katika vilima vya jirani, yakapangwa bila chokaa, kila jiwe likiegemea mwenzake. Liko jiwe moja ambalo habari zake zimeandikwa katika kitabu cha maisha ya Nobunaga. Jiwe hilo liliitwa Jiwe la Nyoka, na watu zaidi ya 10,000 walilivuta kwa siku tatu, usiku na mchana, kulipandisha kilimani. Padre Luis Frois, Mreno aliyekaa Japani siku zile, aliandika kwamba mara moja liliteleza, likawaponda watu zaidi ya 150. Mpaka leo halijapatikana. Majina ya wale waliokufa nayo hayakuandikwa popote.

Mwaka 1579 jumba kuu lilikwisha, na Nobunaga akahamia humo. Lilikuwa na ghorofa saba tukihesabu na ile ya chini iliyozungukwa na mawe. Ghorofa ya sita ilikuwa na pembe nane, nguzo zake zimepakwa rangi nyekundu. Ya saba, iliyo juu ya zote, iling'aa kwa dhahabu ndani na nje. Kuta za vyumba zilipambwa na mchoraji Kano Eitoku, fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake. Kabla ya hapo mabwana wa Japani walijenga ngome ili kujificha na adui. Nobunaga alijenga ili aonekane. Chini ya kilima aliweka mji, na mwaka 1577 akatangaza sheria kwamba wafanya biashara watauza na kununua humo pasipo kubanwa na vyama vya kale, naye atawasamehe baadhi ya kodi. Watu wakamiminika.

Msomaji wa Afrika ana sababu nyingine ya kukitazama kilima hiki. Mwaka 1579 Padre Alessandro Valignano alifika Japani, na katika msafara wake alikuwamo mtu mweusi ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Kitabu kimoja cha Wajesuiti cha mwaka 1627 chasema kwamba asili yake ni Msumbiji. Alipofika Kyoto mwaka 1581, watu walisongamana kumtazama hata wengine wakakanyagwa. Nobunaga alitaka kumwona. Hakuamini kwamba rangi ile ni ya ngozi, akaamuru aoshwe. Lakini wino haukutoka, maana haukuwapo! Alimpenda, akamweka katika watumishi wake, akampa nyumba, posho na upanga mfupi. Bwana mmoja aliyemwona mwaka 1582 aliandika katika daftari lake la kila siku kimo chake, nacho ni kiasi cha sentimeta 188. Mtu aliyetoka mbali hivyo, akavuka bahari nyingi kwa utumishi wa wengine, akasimama karibu na kiti cha mkubwa wa nchi.

Mwanzo wa mwaka 1582 Nobunaga aliwafungulia watu milango waje waione ngome, kila mmoja kwa sarafu 100. Inasemekana alizipokea fedha hizo kwa mkono wake mwenyewe na kuzitupa nyuma yake. Hakujua kuwa mwaka huo ni wa mwisho.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Nobunaga alilala katika hekalu la Honno-ji mjini Kyoto, akiwa na walinzi wachache. Alfajiri jemadari wake, Akechi Mitsuhide, alilizingira hekalu kwa maelfu ya askari. Nobunaga alipigana kidogo, kisha akaingia ndani ya moto akajiua, na maiti yake haikuonekana. Yasuke alikimbilia kwa mwana wa Nobunaga akapigana naye pia, mpaka aliposhikwa akatoa upanga wake. Akechi alisema kwamba mtu huyu hajui kitu wala si Mjapani, basi asiuawe, apelekwe kwenye kanisa la mapadre. Maneno hayo yalikuwa ya dharau, lakini yalimponya.

Habari ilipofika Azuchi watu walifadhaika. Aliyeachiwa ngome, Gamo Katahide, alishauriwa kuchukua dhahabu yote kisha aichome moto. Alikataa. Alisema kuwa ni aibu kuiteketeza kazi ambayo bwana wake aliifanya kwa bidii namna ile, na kwamba akichukua dhahabu ulimwengu utamcheka. Akawatwaa wanawake na watoto wa Nobunaga, akawapeleka salama katika ngome yake ya Hino. Akechi akaja, akazigawa hazina kwa watu wake. Lakini siku chache baadaye alishindwa na Toyotomi Hideyoshi, akauawa njiani akikimbia. Katika ghasia hizo jumba la dhahabu likashika moto. Wengine walimlaumu mwana wa Nobunaga mwenyewe, wengine watu wa Akechi. Lilikuwa limesimama miaka mitatu tu. Mwaka 1585 ngome mpya ilijengwa Hachiman, na wakazi wa Azuchi wakahamishiwa huko.

Mgeni wa leo hulipa kiingilio langoni, kama watu wa mwaka ule 1582. Mbele yake hupanda njia ya mawe, pana kiasi cha meta 6, iliyonyoka meta 180 hivi. Azitazame ngazi anazozikanyaga. Katika baadhi yake zimo sanamu ndogo za Buddha zilizochongwa katika mawe, kwani wajenzi walichukua kila jiwe walilolipata, hata ya ibada. Njia hii ilifunuliwa na wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo kwa miaka 20 tangu mwaka 1989.

Juu kabisa, kati ya miti, pana uwanja uliozungukwa na kuta za mawe, na ndani yake safu za mawe ya msingi yaliyobeba nguzo za jumba. Hapo ndipo penyewe. Mgeni husikia ndege na upepo, akaona mashamba na sehemu ya ziwa kwa mbali. Chini kidogo pana kaburi ambalo Hideyoshi alilijenga kwa kumkumbuka bwana wake. Upande wa magharibi ungalipo mnara wa ghorofa tatu wa hekalu la Soken-ji, uliojengwa mwaka 1454 na kuletwa hapo na Nobunaga. Moto uliolila jumba kuu haukuugusa. Atakaye kuona mfano wa zile ghorofa mbili za juu na aende kwenye nyumba ya makumbusho huko Azuchi. Mfano huo ulitengenezwa kwa maonyesho ya Seville, Hispania, mwaka 1992.

Nobunaga alimpa Valignano picha kubwa ya ngome yake, ikafikishwa Roma kwa Papa mwaka 1585. Nayo imepotea. Basi dhahabu imekwenda, na picha imekwenda. Kilichodumu ni kazi ya waashi wale wasiotajwa, waliopanga jiwe juu ya jiwe bila chokaa, na neno la Gamo aliyekataa kuiba na kuchoma siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mwenye kupanda Azuchi na ayafikiri hayo mawili anaposhuka.