Fimbo na Hariri Katika Mji wa Seoul

Katikati ya mji wa Seoul, makao makuu ya Korea ya Kusini, pana uwanja mpana uliotandazwa mawe. Mbele yake limesimama jengo refu la mbao lenye vyumba 19, ambamo huhifadhiwa vibao vya kumbukumbu vya wafalme na malkia wa zamani. Mahali hapo huitwa Jongmyo. Palijengwa mara ya kwanza mwaka 1395, pakateketezwa kwa moto mwaka 1592 Wajapani walipoivamia nchi hiyo, kisha pakajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 17. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Mei, watu wa ukoo wa wafalme hao hukutana hapo kuwaenzi wahenga wao, nao wanamuziki wenye majoho mekundu hupiga muziki uliotumika katika ibada hiyo tangu mwaka 1464.

Masikio ya mgeni hutekwa kwanza na kengele za shaba na mawe yanayogongwa. Lakini akitulia, atasikia chini ya hizo mngurumo wenye kukwaruza, mfano wa mzee asemaye polepole kwa sauti nzito. Wakorea huiita ala hiyo ajaeng. Nasi tuiite ajengi.

Ajengi ni zeze la kulazwa. Si ala ya gwaride, maana haibebeki ikipigwa: ubao wake mrefu huwekwa sakafuni, kichwa kikiinuliwa juu ya kigoda kidogo, na mpigaji huketi nyuma yake amekunja miguu. Ile kubwa ya muziki wa kifalme kwa desturi ina nyuzi saba za hariri iliyosokotwa, na kila uzi hupita juu ya kijidaraja chake cha mti. Vijidaraja hivyo havikugundishwa. Kikisogezwa kulia, sehemu ya uzi inayopigwa hufupika na sauti hupanda. Kikisogezwa kushoto, sauti hushuka. Ndivyo nyuzi zinavyopatanishwa.

Hata hivyo, kupatanisha huko ni nusu tu ya kazi. Mkono wa kulia huvuta na kusukuma fimbo juu ya nyuzi, karibu na kichwa cha ala, ilhali mkono wa kushoto hubonyeza uzi uleule upande wa pili wa kijidaraja. Ukibonyezwa, sauti hupanda, ukitikiswa, hutetemeka, ukiachiliwa, huteremka kama pumzi. Hakuna alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji mahali pa kukomea. Sikio lake ndilo mwamuzi.

Na fimbo yenyewe ni fimbo hasa. Kitabu cha muziki cha Wakorea cha mwaka 1493 chaeleza kwamba hukatwa katika kichaka cha genari, kile kinachoipamba Seoul kwa maua ya manjano mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Huambuliwa ganda, kisha hupakwa utomvu wa msonobari ili iweze kushika hariri. Mkwaruzo wote watoka hapo. Tena, kwa kuwa sauti ya ajengi hudumu na haifi upesi kama ya uzi uliodonolewa, katika muziki wa kifalme ala hii huketishwa pamoja na zumari na filimbi.

Katika karne ya 20 ilizaliwa ajengi ndogo, ya nyuzi nane, kwa ajili ya michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Hiyo huweza kupigwa peke yake katika muziki uitwao sanjo, na kilio chake humchoma msikilizaji. Wapigaji wake wengi hutumia upinde wa singa za farasi, ambao ni laini na mwepesi zaidi. Kwa ajengi ndogo sina neno. Lakini pale Jongmyo, kuondoa fimbo ya genari kungekuwa kuondoa sauti yenyewe.

Ustadi huo ulikaribia kupotea. Vita vya Korea, vya mwaka 1950 hadi 1953, viliwatawanya watu wa Seoul pamoja na wanamuziki wake. Hata hivyo, mwaka 1951, vita vikiwa bado vinaendelea, serikali ilifungua chuo cha muziki wa jadi huko Busan, bandari ya kusini iliyojaa wakimbizi. Leo chuo hicho kipo Seoul, upande wa kusini wa mto Han, na huonyesha muziki huo mbele ya watu. Msafiri asiyeweza kufika mwezi wa Mei ataisikia ajengi huko.